Tamimu Hakujifunga

Mwanasiti alikuwa juu ya dungu, anapiga kelele na kuvuta kamba ya makopo kuwatisha kwelea, alipowaona watu wawili wanakata bonde kuja kwake. Mpunga ulikuwa ndiyo kwanza unatia maziwa. Wa mbele alikuwa mwenyekiti wa kijiji, kandambili mkononi na suruali imekunjwa mpaka magotini. Wa nyuma alikuwa afisa wa jeshi, na huyo hakuvua buti. Kila hatua tope lilimshika, akawa anautoa mguu kwa nguvu kama mtu anayeng'oa muhogo.

"Bi Mwanasiti," mwenyekiti aliita kutoka chini. "Hebu shuka."

"Nishuke ndege wamalize mpunga?"

"Waache wale. Shuka."

Kijiji kizima cha Mtunda hakuna anayemwambia mwenzake awaache ndege wale. Mwanasiti aliiachia kamba. Alishuka ngazi taratibu, na kabla hajafika chini alikwishajua kwamba mwanawe Tamimu, aliyekuwa vitani nchi ya jirani na kikosi cha kulinda amani, hayupo tena. Alichokuwa hajui ni vipi.

Afisa alivua kofia. "Baba wa kijana yuko wapi, mama?"

"Makaburini."

"Kaka yake mkubwa?"

"Hana. Yuko dada yake, Hafsa, na niko mimi. Sema, baba. Umetembea mbali katika tope hili."

Afisa alisema kwamba jeshi linasikitika. Alisema Tamimu alikuwa anawahudumia majeruhi ndani ya helikopta, akaanguka.

"Helikopta imeanguka?"

"Hapana, mama. Helikopta ilifika salama."

"Kaanguka yeye peke yake?"

"Ndiyo, mama."

Mwanasiti alimtazama mwenyekiti, kana kwamba huyo ndiye angemfasiria. Mwenyekiti alikuwa anaangalia mpunga. "Innalillahi wa inna ilayhi raajiuun," alisema Mwanasiti. Kisha akauliza, "Maiti iko wapi?"

"Bado inatafutwa. Alipoangukia ni msituni, na kwenye msitu ule wako waasi."

"Basi nisikilize. Sikuombi kitu kingine, wala sitakuja ofisini kwenu kudai kitu. Niletee mwanangu. Aoshwe, akafiniwe, azikwe na watu wake karibu na baba yake. Hilo tu."

Afisa alisema watajitahidi. Nyuma yao kwelea walikuwa wameshatua, na bonde lote lilikuwa linachakarika kama mvua juu ya makuti.

Tamimu alizaliwa katika dungu hilohilo, au tuseme lililokuwa hapo kabla mto haujalichukua, mwaka ambao maji yalikuja mapema na mkunga hakuweza kuvuka. Baba yake, Mudrick, alikuwa mkulima wa ng'ambo. Watu wa bondeni wana nyumba huku na shamba kule, na kati yake kuna mto wenye viboko na mamba, kwa hiyo mtoto anajua mtumbwi kabla ya kujua Alif na Ba. Tamimu alikuwa mwepesi wa mikono. Kufunga magunia ya mpunga ndani ya mtumbwi alifundishwa na mama yake: kamba inapita wapi, inakazwa vipi, ili mtumbwi ukiyumba mzigo usihamie upande mmoja ukauzamisha.

Na alifundishwa jambo jingine, ambalo kila mama wa bondeni humfundisha mwanawe. Chomboni unafunga mzigo, hujifungi mwenyewe. Lilikuwepo tukio. Mwanamke mmoja wa Ngorongo alikuwa anavushwa mwaka wa mafuriko, ana kizunguzungu cha mimba, akajifunga kwa kanga kwenye ubao wa kukalia asije akaanguka. Kiboko akaupindua mtumbwi. Wenzake wote waliogelea. Yeye walimkuta siku ya pili, bado amekaa, mtumbwi uko juu yake. Mwanasiti alimpeleka Tamimu akamwone anavyotolewa. Watu walimlaumu kwa kumwonyesha mtoto kitu kama kile. Alijibu, "Bora aote ndoto mbaya kuliko anifie majini."

Mudrick naye alikufa safarini. Kidole tumbo kilipasuka, wakamvusha, wakamtafutia usafiri wa kumpeleka Kibiti, na alipofikishwa daktari alisema mngewahi. Tamimu alikuwa kidato cha pili. Hakulia sana. Alipomaliza kidato cha nne alisomea uuguzi, akaingia jeshini, na alipoulizwa na mjomba wake, Mzee Saidy, kwa nini asifanye kazi hospitali ya karibu kama watu wengine, alisema jeshini ndiko kwenye ndege zinazowafuata wagonjwa walipo. Alikuwa mcheshi, anaswali, hapendi kugombana. Alikuwa hajaoa. Mama yake alikuwa ameshamtazamia binti, bado tu kumwambia.

Huko vitani alipopelekwa alikuwa anapiga simu Ijumaa akipata mtandao. Mwanzoni alikuwa anacheka.

"Mama, leo nimemaliza mafunzo ya angani."

"Umepanda juu sana?"

"Nipande wapi! Tumepangwa kwenye mabenchi ukumbini. Helikopta zenyewe ziko kazini hazina nafasi ya wanafunzi. Mwalimu anapiga benchi teke, anasema, haya, huo ndio upepo."

"Na nyie mkafanyaje?"

"Tukayumba, mama. Tukafaulu wote."

Mwanasiti alicheka mpaka Hafsa akaja kuuliza kuna nini.

Baadaye alieleza kwamba machela walizoletewa zimetoka nchi moja na helikopta imetoka nchi nyingine, basi vifungo vya sakafuni haviingiliani. Machela ikiwekwa inateleza na mgonjwa juu yake.

"Sasa mnafanyaje?"

"Nazifunga kwa kamba. Kamba ileile, mama, ya magunia. Marubani wameniita Fundi Kamba."

"Kaza vizuri, mwanangu. Nawe unakaa wapi?"

"Sikai. Napiga magoti pembeni ya mgonjwa, nimebana jeraha."

"Kama mtumbwini."

"Kamakama mtumbwini."

Na Mwanasiti, Mwenyezi Mungu amsamehe kwa hilo, usiku ule alilala vizuri.

Simu za mwisho hazikuwa na mzaha. Mashine ya kufyonza damu kooni ilikuwa mbovu, na majeruhi alikuwa anaweza kufa kwa kuzama katika damu yake mwenyewe hali mapafu yake ni mazima. Oksijeni ilikuwa mtungi mmoja kwa watu wanne, na Tamimu ndiye aliyekuwa anachagua nani avute. "Nikimvalisha mmoja, mwenzake ananiangalia, mama. Hasemi kitu. Ananiangalia tu." Wauguzi wa kupanda ndege walitakiwa wengi, wakabaki wawili, yeye na Abdulrazaq wa Lindi. Wengine muda wao ulikwisha, wakarudi kwao, na wa kuwapokea hawakuja.

"Omba urudi," alisema Mwanasiti.

"Nikirudi watapanda na nani?"

Habari ilipofika kijijini watu walikuja, wakalia, wakakaa. Lakini siku zilipokwenda na maiti haionekani, Sheikh alimwita Mzee Saidy, akashauri waswali swala ya ghaibu, ya maiti aliye mbali, dua isomwe, watu watawanyike, kwani jambo hilo dini inaliruhusu.

Mwanasiti alikataa. "Mkishamswalia, wale wa jeshi watasikia tumemaliza. Wataacha kumtafuta."

"Dada, hawatasikia," alisema Mzee Saidy. "Nani atawaambia?"

"Mimi nitasikia."

Maneno yakaanza. Kudra, jirani wa nyumba ya tatu, alisema kisimani, sauti juu ili isikike, "Mwenzetu anangoja maiti kama anayengoja basi la Dar. Kila gari likilia barabarani anatoka kutazama." Wengine wakacheka, kisha wakajuta, kisha wakacheka tena. Mwanasiti alikuwa pale na ndoo yake.

"Wako uliwazika wote wazima, Kudra?" aliuliza.

"Niliwazika, alhamdulillahi."

"Basi nyamaza, ushukuru."

Mpunga uliisha wote. Hafsa alijaribu kwenda kuamia ndege, lakini msichana mmoja hawezi shamba la watu watatu, na mwishoni yalibaki makapi yamesimama. Mwanasiti hakuuliza hata mara moja shamba likoje. Alikuwa anauliza kama simu imechajiwa.

Hatimaye wakatokea waliompata. Wanakijiji wa msituni kule walimkuta, wakaogopa kumgusa, wakawaambia watu wa misaada, nao wakaongea na waasi mpaka wakaruhusiwa kumtoa. Ikawa alhamdulillahi. Lakini akalazwa chumba cha maiti, siku nyingine nyingi, kwa sababu ndege ya kuleta maiti ndiyo ileile ya kubeba majeruhi, na majeruhi walikuwa hai.

Asubuhi aliyoletwa, Mwanasiti aliamka akateka maji. Alijaza mapipa mawili na sufuria zote. Mzee Saidy ndiye aliyekuwa anaosha maiti wanaume wa Mtunda, na alikwishaandaa majani ya mkunazi na kafuri. Jayaben, mwenye duka la vitambaa Kibiti, alileta bafta ya sanda mwenyewe, juu ya bodaboda, mama mtu mzima na miwani yake. Tamimu alikuwa anamnunulia mama yake kanga hapo. Aliikabidhi kwa mikono miwili, akasema pole, akaketi na wanawake wengine ukumbini.

Gari la jeshi lilifika kabla ya adhuhuri. Walishusha sanduku la mbao lililofunikwa bendera, na pamoja nalo alishuka kijana mwembamba, macho ya njano ya malaria, akamwendea Mwanasiti moja kwa moja na kupiga goti.

"Shikamoo, mama. Mimi Abdulrazaq."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa naye?"

"Sikuwa naye, mama. Ndiyo hiyo. Ilikuwa tuwe wawili. Nilikuwa na homa siwezi kusimama, akapanda peke yake."

"Nieleze. Nimeambiwa kaanguka. Mtu anaangukaje kwenye ndege iliyofika?"

Mzee Saidy alisema, dada, ngoja tumzike kwanza. Mwanasiti alisema, "Azungumze."

Abdulrazaq alizungumza, macho chini. Mlango wa ubavuni wa helikopta ulikuwa haufungi, reli yake imepinda, kipuri kimeagizwa muda mrefu. Wahudumu walikuwa na mikanda miwili ya kujifungia ndani wasitupwe nje. Mmoja ulikatika. Ukabaki mmoja.

"Kila tukipanda nilikuwa namwambia, Tamimu, jifunge wewe, mimi nitashika chuma. Anakataa. Ananiambia, kwetu bondeni chomboni mtu anafunga mzigo, hajifungi yeye. Mimi namwambia huu si mtumbwi. Ananicheka."

Wanawake wa Mtunda wote walijua maneno yale, na kila mmoja alikuwa amewaambia wanawe.

"Endelea," alisema Mwanasiti.

"Siku ile kamba moja ya machela ilibaki hospitali na majeruhi wa asubuhi, na iliyokuwepo haikutosha. Safari ya pili majeruhi alikuwa mmoja, amepigwa risasi pajani, damu inaruka. Machela inateleza. Tamimu akachukua mkanda wa wahudumu, akaufunga kwenye machela. Wakaruka. Rubani alikuwa anamsikia kwenye chombo cha masikioni anasema, nambana, twendeni, nambana. Wakapigwa risasi kutoka chini. Rubani akaipinda helikopta ubavu mzima kukwepa. Ilipokaa sawa, akamwita. Hakujibu."

"Na yule mgonjwa?"

Abdulrazaq hakutaka kusema.

"Yule mgonjwa, mwanangu."

"Machela haikusogea hata kidogo, mama. Tamimu alikuwa ameifunga sawasawa. Lakini nyuma hakukuwa na mtu tena wa kulibana jeraha. Rubani msaidizi alikuwa anahitajika mbele mpaka watoke kwenye risasi. Alipokwenda nyuma, damu ilikuwa imekwisha."

"Kafa."

"Kafa."

"Wakubwa wenu walijua kama hamna mikanda? Kama hamna watu?"

"Tulikuwa tunaomba, mama. Tunaambiwa vinakuja."

"Vimekuja?"

"Vimekuja. Mikanda na vifungo vya machela, na wauguzi wapya wanne. Vilikuja yeye bado yuko msituni."

Mwanasiti hakupiga kelele. Alisema, kama mtu anayezungumza na mkeka, "Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Usijitwike, dada," alisema Mzee Saidy. "Aliyeandika ni Mungu."

"Kaandika Mungu. Mimi ndiye niliyemsomea."

Jayaben alimshika mkono, naye Mwanasiti akauacha ushikwe.

Mzee Saidy alipotoka nje, yule afisa wa siku ya kwanza alimweleza kwamba sanduku halifunguliwi. Limepigwa misumari kwa amri. Likazikwe lilivyo, askari watapiga saluti, basi.

"Sisi hatuziki sanduku," alisema Mzee Saidy. "Tunazika mtu."

"Mzee wangu, ni sababu za kiafya. Mwili umekaa. Mkikiona mlichotaka kuona, mtajuta."

"Mimi nimeosha waliotolewa mdomoni mwa mamba. Usinitishe."

"Amri si yangu."

Mwanasiti alitoka. Si desturi ya mfiwa mwanamke kutoka mbele ya wanaume namna ile, lakini walimpisha.

"Baba, wewe unaye mama?"

"Ninaye."

"Siku akifa utamzika vipi?"

"Sisi ni Wakristo, mama. Tunazika kwa sanduku."

Mtu mmoja nyuma aliguna kwa kicheko, akakanywa.

"Vizuri," alisema Mwanasiti. "Hilo lenu mnalijua, na hakuna atakayewaingilia. Letu tuachieni. Nilikuomba kitu kimoja bondeni kule. Ukasema mtajitahidi. Kitu chenyewe ndicho hiki, umekifikisha mpaka mlangoni, sasa unanishikia."

Afisa alikwenda pembeni ya gari, akapiga simu. Alizungumza, akanyamaza, akazungumza tena, na mara moja alisikika anasema, "Mkuu, mama yake ndiye anaomba." Aliporudi alisema watu wawili tu, wavae barakoa na glavu, na lisifunguliwe mbele za watu.

Walizungushia uani kwa makuti na mashuka. Waliingia Mzee Saidy na Abdulrazaq. Misumari ilisikika inang'olewa mmojammoja. Kisha harufu ikatoka, na watu waliokuwa karibu walirudi nyuma, wengine wakajifanya wanawapisha wengine. Mwanasiti hakurudi. Alisimama kwenye shuka, umbali wa mkono.

Mzee Saidy alitoka mwishowe, barakoa shingoni, uso umebadilika.

"Haoshwi, dada."

"Maji nimeteka. Yapo mengi."

"Nimeyaona. Haoshwi. Maji yakimgusa atatukatikia mikononi."

"Tayamamu?"

"Nimemtayamamisha, kwa udongo wa hapa uani. Yuko ndani ya mfuko wao, sikumtoa. Sanda nimeizungushia juu, nguo tatu, imetosha. Sheria inakubali, na kama pana upungufu Mwenyezi Mungu anajua kwa nini."

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Walikuwa wamemvua buti, wamechukua. Nimemjua kwa kidole cha mguu wa kushoto, kile alichojikata na jembe."

"Nimwone uso."

"Hapana, Mwanasiti."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake tupu tangu walipokuwa watoto. Mwanasiti aliinamisha kichwa kukubali, na hakuuliza tena, siku ile wala baadaye.

Sanduku tupu wanajeshi walilirudisha garini. Tamimu alilazwa juu ya jeneza la msikiti, lile la kila mtu, akafunikwa kwa kitambaa cha kijani, na wanaume wakatoka kidogo ili mama yake na Hafsa wamuage, kwa kuwa wanawake hawaendi makaburini. Hafsa alilia, akatolewa. Mwanasiti alipiga magoti, akaweka mkono pale ulipokuwa upande wa kichwa. Alisema, "Tamimu bin Mudrick, ziwa langu nimekuhalalishia. Radhi zangu zote nimekupa, hujabakiza na mimi kitu. Nami unisamehe. Nenda kwa Mola wako." Akasoma Fatiha. Akainuka, akawaambia wanaume, "Mchukueni."

Walimbeba wakipokezana mabega. Waliswali nje ya msikiti, Sheikh mbele, askari Waislamu wakiwa safu moja na wakulima, na wasio Waislamu walisimama kando, kofia mikononi. Mzee Saidy na Abdulrazaq walishuka kaburini, wakampokea, wakamlaza ubavu wa kulia, uso kibla, ndani ya mwanandani. Zikapangwa mbao, udongo ukarudishwa, likamwagiwa maji, talakini ikasomwa. Askari walipiga saluti yao bila risasi. Kaburi liko ubavuni mwa baba yake. Watu walirudi nyumbani kabla ya alasiri, wakanawa mikono kwa maji yaliyokuwa kwenye mapipa, wakala ubwabwa uliopikwa na akina Kudra, wakaaga.